Ushauri: Nataka kuchora komiki ya kurasa 24 ndani ya saa 24, na mimi si mchoraji wa kazi

Fundi_Penseli

Wakuu, habari za jioni.

Mimi kwa kazi ni fundi simu hapa Mwanza. Kuchora ni kitu cha usiku nikishafunga kibanda. Huwa natengeneza vibonzo vya fremu tatu nne, natupia kwenye magrupu, washkaji wanacheka, yanaishia hapo. Hadithi ndefu ndiyo inanishinda: nikifika ukurasa wa pili narudi kurekebisha pua ya mhusika wa ukurasa wa kwanza, na wiki ikiisha daftari liko uvunguni.

Sasa nimesikia kuna changamoto ya kuchora komiki nzima ya kurasa 24 kwa siku moja, kuanzia wazo mpaka wino, saa haisimami. Nataka nijaribu Jumamosi moja nisiyofungua kibanda. Naruhusiwa kuandaa hadithi kabla? Nitumie karatasi au simu, maana nina ile kalamu ya kuchorea kwenye kioo? Na mtu wa kawaida anaweza kweli, au ni mambo ya wenye vipaji vyao? Mke wangu kasema kama ni kukesha, mkesha wa kanisani upo.

Nawasilisha.

WinoMweusi

Mkuu, sikiliza shemeji, ila changamoto yenyewe ni halali kabisa. Aliyeianzisha ni mchoraji komiki Mmarekani, Scott McCloud, mwaka 1990. Alikuwa na rafiki yake mchoraji, Steve Bissette, ambaye kazi zake zilikuwa zikichelewa, ndipo likazuka wazo la kila mmoja kutoa komiki nzima kwa siku moja. Tangu 2004 kuna hadi siku maalumu ya mwaka ambapo watu wa nchi mbalimbali wanakesha pamoja wakichora. Kule Angoulême, Ufaransa, mchoraji komiki Lewis Trondheim naye alianzisha ya kwao mwaka 2007.

Kuhusu kuandaa: hapana. Kabla saa haijaanza hutakiwi kuwa na mchoro, muhtasari wa hadithi wala sura ya mhusika uliyoijaribu pembeni. Vifaa, chakula, muziki na picha za kutazamia, ruksa. Ukilala, lala, ila saa inaendelea.

Na ukishindwa, kuna namna mbili za kushindwa kiungwana. Mwandishi Neil Gaiman muda ulimwishia njiani, akaifunga hadithi pale pale alipofika. Mchoraji Kevin Eastman muda ulipoisha aliendelea tu mpaka akatimiza kurasa zote 24. McCloud mwenyewe anaziheshimu zote mbili. Kwa hiyo chagua mapema wewe utakuwa wa upande gani.

BiRaba

Karatasi, kaka yangu. Kwenye simu utavuta picha iwe kubwa, uanze kuchora kucha za mtu ambazo hakuna atakayeziona. Halafu simu ina kitufe cha kurudi nyuma, na kwa ugonjwa wako wa pua hicho ni sumu.

Chukua A4 ukate katikati. Karatasi 12 zinakupa kurasa 24 kamili, lakini kata za ziada maana zitaharibika. Ukurasa mdogo unajaa haraka. Fremu tatu au nne zinatosha, na kila baada ya kurasa kadhaa weka fremu moja kubwa ya ukurasa mzima, ikiwezekana ya usiku: unajaza weusi, unaacha dirisha moja lenye mwanga, umemaliza.

Muda nao upige hesabu. Anza saa 3 asubuhi. Mpaka saa 5 unawaza tu. Kisha chora kurasa zote 24 kwa penseli, watu wa vijiti na maneno yao, dakika 20 kila ukurasa, saa nane hizo. Ukiongeza saa moja ya kula na kujinyoosha unafika saa 2 usiku. Kuanzia hapo ni wino, nusu saa kila ukurasa, na bado unabaki na saa moja ya kujiegesha kabla ya saa 3 asubuhi. Nakupangia hivi kwa sababu usiku wa manane kichwa kinakufa kabla ya mkono. Saa 9 usiku hutaweza kubuni kitu, lakini kufuata mstari wa penseli utaweza.

Maneno yaandike kwanza, kiputo ukichore baadaye kuyazunguka. Ukianza na kiputo, neno la mwisho litabanwa kama abiria wa daladala. Na weka karatasi laini chini ya kiganja, jasho likigusa wino mbichi ukurasa umekwenda. Feni igeuzie ukutani.

Kobe_wa_Ilala

Mimi sielewi kujitesa huku. Chora ukurasa mmoja kwa siku, siku 24 umemaliza, umelala, ndoa ipo. Haraka ya nini?

WinoMweusi

@Kobe_wa_Ilala kwa mtu mwingine ningekuunga mkono. Huyu kasema mwenyewe kinachomkwamisha ni kurekebisha. Ukimpa siku nzima kwa ukurasa mmoja umempa siku nzima ya kurekebisha pua. Dakika 50 kwa ukurasa, 20 za penseli na 30 za wino, zitamnyima hiyo nafasi.

Mtu_wa_Kisauni

Ndugu, salamu kutoka Mombasa. Nyongeza yangu ni kwenye hadithi: watu wawili, mahali pamoja, kitu kimoja kinachotakiwa. Usiingie mambo ya vita na majeshi, utachora farasi mpaka ulie. Wahusika wako watofautiane kwa umbo hata ukiwajaza wino mweusi tupu: mmoja kofia pana, mwingine kichwa kama yai. Pua usiwawekee kabisa 😂

Na wewe fundi simu unasikia mangapi hapo kibandani! Lakini chunga, usianze kuyapanga sasa, saa haijaanza.

Nesi_Zamu

Mimi nakesha kwa kazi. Wiki nzima kabla ya hapo lala vizuri. Vinywaji vya kuongeza nguvu punguza, vinakupandisha kisha vinakuangusha, na mkono unatetemeka. Maji, ugali kidogo, matunda. Kila saa simama unyooshe vidole na mgongo. Ganzi ikianza mkononi, pumzika. Na asubuhi hiyo usiendeshe pikipiki hata kama kanisa liko mbali, panda boda ya mtu mwingine.

Fundi_Penseli

Asanteni sana wakuu. Nimeamua: karatasi, ratiba ya BiRaba, na muda ukiisha naendelea mpaka 24 zitimie. Nimeongea na mke wangu, kakubali kwa sharti moja, nisije nikamchora yeye.

Swali la mwisho: umeme ukikatika usiku, saa inasimama?

WinoMweusi

Haisimami. Chaji taa mbili mapema.