Naomba ushauri: watoto 74, ndoo mbili za udongo, na kila mnyama anakatika miguu

Mwl_wa_Tatu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha darasa la tatu shule moja ya msingi huku Muheza. Kwenye kufinyanga nimekwama. Kipindi ni dakika 40, na kugawa udongo tu kunakula robo saa. Ijumaa tulifinyanga wanyama, nikavipanga dirishani juani vikauke. Jumatatu nakuta miguu huku, viwiliwili kule.

Yupo binti mmoja, mkimya sana darasani. Alikuwa amefinyanga ng'ombe na ndama ananyonya. Ndama alibaki pua tu, imeng'ang'ania kiwele. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso, akarudi kukaa. Imeniuma mpaka leo.

Mwezi ujao ni siku ya wazazi na tunatakiwa kuonyesha kazi. Mwalimu mwenzangu ananishauri nifinyange mwenyewe, watoto wapake rangi tu. Udongo tunachota mtoni bure, fedha ya vifaa hakuna. Nifanyeje?

Fundi_Vyungu
Pole mwalimu. Mama yangu ni mfinyanzi, nimekulia kwenye udongo.

Anza na udongo wenyewe. Viringisha kamba nene kama kidole, izungushe kwenye kidole gumba. Ikikatikakatika, udongo hauna mnato, mchanga umezidi. Uloweke kwenye ndoo, ukoroge, upitishe kwenye chandarua kikuukuu, uache utuame usiku kucha. Mwaga maji ya juu, utandaze kwenye gunia mpaka ushikike bila kuganda mikononi. Siku ya kazi ukandwe kama unga wa chapati ili hewa itoke.

Sasa miguu. Mtoto akiubandika hivihivi, haushiki. Pande zote mbili zikwaruzwe kwa mwiba (huko kwenu michungwa imejaa), zipakwe uji mzito wa udongo, ndipo zibanwe. Na bora zaidi wasibandike kabisa: wavute miguu kutoka kwenye donge lenyewe, mifupi na minene.

Juani ndipo ulipowapoteza. Mguu mwembamba hukauka upesi na kusinyaa wakati tumbo bado bichi, kwa hiyo lazima ukatike. Weka kivulini, funika kwa nailoni siku mbili za kwanza, kisha funua. Na msivichome moto: donge nene lenye unyevu ndani hupasuka kwa mvuke.

Bibi_Ukili
Mwanangu, nimestaafu ualimu lakini darasa la watoto 80 nalikumbuka vizuri. Madonge yakatwe jana yake, kila moja sawa na ngumi ya mtoto, yakae kwenye beseni chini ya gunia bichi. Viongozi wa makundi ndio wagawe. Tena usiwafinyangishe wote siku moja. 37 wafinyange, 37 wakae chini ya mti wachore kwa mkaa kwenye vipande vya maboksi, wiki ijayo wabadilishane. Maboksi usiyaonee haya. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupaka baiskeli.

Mwombe mwalimu wa taaluma akuunganishie vipindi viwili. Sare zikiwa kero kwa wazazi, kila mtoto aje na fulana kuukuu ya nyumbani.

Kadiria
Mwakani hao wana upimaji wa darasa la nne. Wazazi watakuuliza Hisabati, si ng'ombe wa udongo.

Bibi_Ukili
Kadiria, huyo anayepima miguu minne itoshane ili mnyama asimame, anafanya hesabu gani?

Baba_Nakuru
Mwalimu, nakuomba usiwafinyangie. Huku Kenya mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi 2019, watoto walikuja nyumbani na kazi za mikono, na wengi wetu tukazifanya sisi, usiku, mtoto amelala. Nilimsukia kijana wangu kikapu cha maganda ya mgomba. Akapata alama nzuri. Jioni akanirudishia: "Baba, shika kikapu chako." Hajawahi kukitia kitu ndani.

Mwl_wa_Tatu
Bibi, shikamoo. Wakuu wote asanteni, nimeleta mrejesho.

Vipindi vimeunganishwa. Udongo niliuchuja mwenyewe Jumamosi, chandarua kimefanya kazi nzuri ajabu. Kundi la kwanza limefinyanga kwa miiba na uji wa udongo. Kati ya 37, wanyama 29 wako wazima, siku ya tano leo.

Yule binti kafinyanga ng'ombe tena, ila safari hii ndama kalala chini, amejikunja ubavuni kwa mama yake. Nilipomuuliza mbona hanyonyi, akasema, "Ameshiba. Halafu akilala, miguu haikatiki." Sijamgusia kitu. Mwalimu mkuu amekubali zionyeshwe kazi za watoto kama zilivyo, kila mmoja aandike jina lake mwenyewe.

Swali moja limebaki: hawa wanane waliokatika, niwaloweke udongo utumike tena, au niwarudishie wenyewe?

Fundi_Vyungu
Waulize wenyewe. Usiochomwa ukilowekwa unarudi kuwa udongo, hata mwakani. Ila uache ukauke kabisa kwanza, ndipo uutie majini; mbichi nusu nusu hauyeyuki vizuri.