Nimetoka Gedi, sasa paa halinitoki akilini

Fundi_Mkomani:
Asalam aleikum jamaa. Mimi ni fundi wa chokaa hapa Lamu, kazi ya babu yangu. Juzi nilikwenda Malindi arusini, na siku ya kurudi mpwa wangu akanivuta hadi Gedi, ule mji wa kale uliohamwa. Miaka yote nasikia "magofu, magofu", nikadhani ni chungu za mawe msituni. Kumbe ni nyumba za watu! Nimeingia ya kwanza, nusura nivue viatu. Daka la kuingilia, kiwanda kidogo (yaani ua wa ndani), kisha vyumba virefu vyembamba vimefuatana mpaka ndani, na choo chenye kibaraza cha kutawadhia. Nikapima kwa mikono kutoka ukuta hadi ukuta: pima moja na nusu, upana wa nyumba ya bibi yangu. Boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo, ndiyo maana.

Swali langu: mbona hakuna hata nyumba moja iliyoezekwa? Boriti huku zauzwa kwa korija, ishirini ishirini. Moja tu, iwekwe dari na chokaa, watoto waingie waone kiza na ubaridi wa nyumba ya mawe.

MamaTuktuk:
Bwana fundi, wewe wazungumza boriti, mimi bado nawadai nyani wa pale ndizi zangu. Nilifungua mkoba pale kwenye kisima kirefu cha Msikiti Mkuu, mmoja akatia mkono kama konda anayedai nauli. Wajukuu walicheka mpaka tukafika Malindi.

Mwalimu_Mstaafu:
Fundi, umeuliza vizuri, ila ukumbuke mapaa yale yalianguka yenyewe. Watu walipouhama mji, karne ya 17, boriti zilioza, na zile tani za mawe na chokaa zilizokuwa juu zikashuka sakafuni. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale kati ya 1948 na 1958, na vitu vilivyopatikana ndivyo vilivyozipa nyumba majina: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mwenye mkasi hatumjui jina, mkasi wake twaujua! Umeliona kaburi lenye tarehe? Limeandikwa mwaka wa Hijria unaolingana na 1399.

Sasa ukiezeka, utaezeka kwa mfano gani? Hakuna dari iliyobaki ya kuigwa. Utajenga Lamu ya karne ya 18 juu ya kuta za karne ya 15, na mtoto atakwenda nyumbani akiamini ndivyo ilivyokuwa. Mimi naona heri ukuta wazi.

Fundi_Mkomani:
Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, boriti haijabadilika. Mkoko ni mkoko, na mzigo wa chokaa ni ule ule. Mwashi wa wakati ule nikikutana naye leo tutaelewana bila mkalimani. Nakubali kuhusu nakshi, sikubali kuhusu dari.

KijanaShela:
Ami, ukitaka magofu si lazima Malindi. Takwa iko Manda hapo, panda mashua maji yakijaa upite kwenye mikoko. Wazee wetu wa Shela huenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara.
Na hiyo nyumba yenye dari unayoililia, si ipo? Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, mjini Lamu kwenyewe. Kutoka Mkomani hata jasho halikutoki. Hujaingia?

Fundi_Mkomani:
...Sijaingia. Siku zote nilijua ni ya wageni wenye kamera.

MamaTuktuk:
😂😂 Fundi!

Fundi_Mkomani:
Haya, nimekwenda leo baada ya alasiri. Nimelala chali sakafuni kuhesabu boriti, mtalii mmoja akadhani nimezimia. Mwalimu, dari ile nikipewa kuta za Gedi naiweka kwa wiki tatu. Kaburi lenye tarehe sikuliona, mpwa wangu alikuwa na haraka ya basi.