Kucha kuachia kabla ya wiki 3: akriliki, jeli ya kujengea au za kubandika?

MamaNasra_Tabata

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa aliyewahi kutumia zaidi ya aina moja, maana nimechoka kulipa mara mbili kwa kazi ileile.

Nina miezi 5 kwenye kucha za bandia za akriliki. Kila wiki ya 3 narudi kujaza pale kucha ilipokua, lakini ikifika siku ya 8 au ya 9 kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vinaanza kuachia huku kwenye mzizi. Inaanza kama kivuli cheupe chini ya rangi, hakizidi mbegu ya ufuta. Siku 2 baadaye nikimsuka binti yangu nywele zinanasa palepale. Kazi yangu ni duka la vitenge, kutwa nzima nafungua na kukunja majora. Jumamosi nafua kwa mikono, mabeseni 3 hadi 4.

Wiki iliyopita niliingiza supagluu pale palipoachia. Ikashika siku 3, leo imeachia tena na safari hii imeondoka na kipande kikubwa zaidi. Rafiki yangu anasema nihamie jeli ya kujengea, dada yangu anasema nibandike zile za pakiti niwe navaa na kuvua. Kwa mtu wa kazi za mikono, ipi inakaa?

FundiKucha_Sinza

Dada pole. Nafanya kazi hii mwaka wa 9 sasa, ngoja nikueleze kwa kirefu.

Kwanza, supagluu usirudie. Pale palipoachia pameshaingia maji ya kufulia na jasho. Ukimwaga gundi juu umefunga mlango na unyevu uko ndani. Nimewafungua wateja wa namna hiyo nikakuta kucha ya kijani. Mpaka ufike saluni, chukua msasa laini ulainishe ule ukingo ili nywele zisinase, paweke pakavu, usichokonoe. Wala usiikate kwa kikatio cha kucha, kule kubana kunasukuma mwachio uende mbele zaidi.

Pili, angalia ni vidole gani. Zikiachia zote 10, maandalizi yalikuwa mabaya. Zikiachia 2 zilezile kila mwezi, na ni za mkono unaofanyia kazi, kuna namna unavyozitumia na kuna namna fundi anavyozimalizia. Kidole gumba ndicho kinachotusumbua mafundi wengi. Mteja analaza kiganja mezani, gumba linabaki limeinama upande, mchanganyiko wa poda na likwidi (maji ya dawa) unateremka mpaka unagusa ngozi. Ukishagusa ngozi, hapo ndipo mwachio utakapoanzia, kwa sababu ngozi inacheza na akriliki haichezi.

Kuna kijingozi chembamba sana, kama utando wa yai, kinachopanda juu ya kucha kutoka kwenye mzizi. Hakionekani vizuri kwa macho. Fundi asipokikwangua, poda inashika kile kijingozi badala ya kucha, na siku chache mbele vinabanduka pamoja. Nusu ya malalamiko ninayoletewa chanzo chake ni hicho. Baada ya kukwangua ndipo unaondoa mng'ao kwa msasa, taratibu, usitafune kucha ya mtu. Unafuta vumbi, unapaka kikausha cha kuondoa unyevu na mafuta, halafu praima, ile dawa ya kushikiza, kidogo mno. Kuanzia hapo kucha haiguswi tena kwa kidole, hata cha mteja mwenyewe, kwa sababu kidole kina mafuta.

Ukiwa saluni jipime hivi: kabla hajapaka rangi, inua mkono usawa wa jicho uelekeze kwenye mwanga. Kati ya akriliki na ngozi uone nafasi nyembamba pande zote, kama upana wa unywele. Usipoiona, mwambie airekebishe kabla hujainuka kwenye kiti.

Halafu urefu. Kucha ndefu ni wenzo. Ukibinua jora kwa ncha, nguvu yote inaishia kwenye mzizi. Ndiyo maana tunajenga mgongo kidogo pale katikati, ubebe hiyo nguvu. Kucha hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ikifika wiki ya 3 mgongo umeshasogea mbele milimita 2 hivi na mzizi umebaki bila kinga. Wewe na kazi yako jaza wiki ya 2, na punguza urefu.

Sasa ulinganisho. Akriliki ni ngumu, inavumilia kugongwa, haihitaji taa ya kukaushia, na hata umeme ukikatika kazi inaisha. Ubaya wake haipindi. Kucha yako ikikaa kwenye maji inanyonya, inavimba na kulainika, ikikauka inarudi. Akriliki haiifuati, ndiyo maana mabeseni 4 ya Jumamosi yanaleta mwachio Jumatatu. Jeli ya kujengea inapinda kidogo pamoja na kucha, ila ni lazima iive kwa mwanga wa taa. Ikiwekwa nene mno kwa mara moja, juu inakauka na chini inabaki mbichi. Na taa iendane na jeli yenyewe, siyo taa yoyote tu iliyopo.

Mrembo_Thika

Nimetumia zote mbili, na niliwahi kuzishindanisha kwenye mikono yangu. Mimi hutumia mkono wa kulia, kwa hivyo nikaweka jeli ya kujengea kulia na akriliki kushoto, nikafanya kazi zangu zote kama kawaida. Akriliki iliachia vidole 2 siku ya 17. Jeli iliachia kidole 1 siku ya 20, na huo ndio mkono wa kusugua sufuria na kukanda chapati. Tangu hapo sijarudi kwa akriliki.

Lakini mara yangu ya kwanza na jeli ilikuwa hasara tupu, wiki moja zikaanguka 4. Makosa yalikuwa mawili. Saluni ilianza kwa kuniloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, eti kulainisha. Kucha ikavimba, wakaweka jeli juu yake, ikakauka na kusinyaa ikiwa tayari imefunikwa. Siku hizi nakataa maji kabisa, natengenezwa kavu. Kosa la pili lilikuwa langu. Ndani ya taa nilihisi joto la kuchoma, nikachomoa mkono na sikuurudisha. Hiyo jeli haikuiva. Ukihisi joto toa mkono kidogo, upoe, urudishe mpaka muda utimie. Na gumba liingie peke yake, likiwa limelala sawa. Ukiingiza vidole vyote 5 pamoja, gumba linalala upande na mwanga haulifikii vizuri.

Kufua: glavu za mpira, lakini zenye kitambaa ndani, au vaa glavu nyembamba za pamba kwanza. Zile tupu zinatoa jasho, na jasho nalo ni maji. Usiku napaka mafuta ya mnyonyo kuzunguka kila kucha.

Shuu_Mbagala

Mafuta tena? Mimi fundi wangu amenikataza mafuta kabisa, anasema ndiyo yanayobandua.

FundiKucha_Sinza

Shuu, nyote wawili mna haki, ni suala la wakati. Siku unayokwenda kuweka usipake chochote, hata losheni, maana kucha yenye mafuta haishiki kitu. Zikishakauka vizuri, mafuta kwenye ngozi na mzizi yanasaidia kwa sababu sabuni ya unga inakausha kila kitu, na kucha iliyokauka inakatika. Kazi nzuri haibanduki kwa mafuta ya usiku. Ila kama mwachio umeshaanza, mafuta yatapenya chini yake kama yanavyopenya maji. Hapo uache mpaka urekebishiwe.

Na kuna jambo nilisahau. Ukisikia saluni inajisifu kwamba akriliki yao haiachii kamwe, hata upige nyundo, ulizia wanatumia likwidi gani. Ipo moja ya bei rahisi, methili methakrilati, yenye harufu kali sana. Inashika mno, kiasi kwamba ukijigonga kucha yako ndiyo inayong'oka badala ya ile ya bandia kuvunjika. Asetoni haiiyeyushi kirahisi, mpaka ikwanguliwe kwa nguvu. Marekani mamlaka ya chakula na dawa iliichukulia hatua tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya malalamiko ya watu kuumia. Inayotakiwa ni ethili methakrilati. Bora kucha iachie kidogo nikurekebishie kuliko kung'oka na nyama.

BintiMvita

Mimi nawasemea wa kubandika, maana naona mmezipita. Huku kwetu Mombasa wengi twaswali, na maji ya udhu lazima yafike kwenye kucha. Kwa hiyo akriliki ya wiki 3 hainifai hata ikiwa yadumu vipi. Mimi navaa za pakiti siku ambazo siswali, ama nikiwa na harusi ndani ya siku hizo, kisha natoa. Kwangu siku 5 hadi 7 zatosha, na huzipata.

Shida ya watu ni kubandika mbio mbio. Pima kila kidole kwanza, uzipange mezani kwa mfuatano. Ikiwa yazidi upana, ipunguze pembeni kwa tupa. Ikigusa ngozi itaanza kujiinua usiku uo huo. Ikiwa ndogo na ukailazimisha ilale, itavuta kurudi kwenye umbo lake na kuachia. Sugua mng'ao kidogo, futa kwa spiriti, tia gundi kwenye kucha yako na tone jengine kwenye ile ya bandia. Anza kuibana pale mzizini, kisha uilaze kuelekea ncha, ili hewa itoke mbele. Shikilia nusu dakika au zaidi, usikie imeshika. Mimi hubandika usiku nikishamaliza vyombo, nikalala nazo bila kugusa maji. Zile za stika badala ya gundi ni za siku moja ama mbili tu, na jasho la Mombasa halizioni huruma.

Kwa bibi harusi: hina na piko kwanza, kucha mwisho. Niliwahi kubandika kisha nikapakwa hina yenye mafuta, asubuhi nikaamka na kucha 3 kitandani.

Kuzitoa ni kuloweka kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni na mafuta kidogo mpaka ziteleze. Ukizivuta utaondoka na tabaka la kucha yako, na mara ijayo hapatashika.

Nesi_Dodoma

Naomba niongeze upande wa afya, nikianza na ile kijani iliyotajwa juu. Mara nyingi ni bakteria wanaoitwa Pseudomonas, wanaopenda mahali penye majimaji. Rangi inaweza kukaa muda mrefu hata baada ya kutibiwa, mpaka kucha ikue. Ukiiona, ondoa kucha ya bandia yote na usipake rangi juu kuficha.

Pia tofautisheni vitu viwili. Kuna akriliki kuachana na kucha, hiyo ni kazi ya fundi. Na kuna kucha yako yenyewe kuachana na nyama, unaona weupe unaoanzia kwenye ncha kurudi nyuma, umo ndani ya kucha yako mwenyewe. Hiyo usijazie chochote, nenda hospitali. Vilevile ngozi ikiwasha, ikitoka vipele au kuvimba kila unapoweka jeli, huenda ni mzio. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara ndiyo inayouleta, na ukishaupata hauondoki. Kubadilisha saluni hakutasaidia.

Mimi mwenyewe sivai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unatutaka tunaowahudumia wagonjwa tusivae kucha za bandia kabisa, kwa sababu vijidudu vinabaki chini yake hata baada ya kunawa. Kwa mama muuza vitenge hakuna tatizo, ila anayeuguza mgonjwa nyumbani alifikirie hilo.

MamaNasra_Tabata

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili. Kumbe ile ya kulowekwa maji mimi hufanyiwa kila safari, na nilikuwa naifurahia! Jumatano nakwenda kutoa zote. Nitaweka jeli ya kujengea, fupi, isizidi ncha ya kidole sana. BintiMvita, za pakiti nitanunua za Idi.

MamaNasra_Tabata (siku 19 baadaye)

Nimerudi na majibu. Tulipotoa ile akriliki, kwenye gumba chini ya supagluu kulikuwa na doa la kijani kibichi hafifu, dogo. Fundi aliniambia kile kidole tukiache wazi, kikae kikavu, nikakubali. Vidole 9 akaweka jeli, kavu bila maji. Nikamwomba anionyeshe ile nafasi ya unywele kwenye mwanga, akaiangalia na yeye, akarekebisha kidole cha mwisho cha kushoto.

Nimefua Jumamosi 2 kwa glavu. Za kwanza zilikuwa za mpira mtupu na mikono ilitoka imesinyaa kwa jasho, ya pili nikavaa za pamba ndani. Majora sasa nafungua kwa kiganja, siyo kwa ncha. Mpaka leo kidole cha shahada cha kulia kimeshika pote. Cha kati kimeachia ukingoni upande mmoja, chini ya mbegu ya ufuta. Nimekilainisha kwa msasa na kesho saa 4 nakwenda kujaza.

FundiKucha_Sinza

Safi dada. Lile doa la gumba mwonyeshe kesho mchana, kwenye mwanga wa jua. Kama bado lipo, kidole kisubiri tena.