Machozi yananitoka bila sababu yoyote. Nitajuaje kama nahitaji msaada?

FundiSindano

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nyumbani nikianza kulieleza jambo hili huwa nakatizwa katikati.

Mimi ni fundi wa nguo, mama wa watoto wawili, na sina msiba. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kwanza: umefiwa? Mmegombana na mumeo? Hapana. Mume wangu ni mtu mwema, watoto ni wazima, kazi ipo. Ila kwa miezi kadhaa sasa machozi yananitoka ovyo. Sisemi kulengwalengwa. Nasema kulia, hadi kwikwi, hadi koo linakaba.

Juzi nilikuwa nakunja pindo la gauni la bibi harusi, la satini. Nilikuwa siwazi chochote, nafuata tu mshono. Nikaona tone limedondoka kwenye kitambaa, kisha la pili. Wanaoshona wanajua satini ikidondokewa na maji inabaki na alama. Nikalisogeza gauni pembeni, nikaacha cherehani, nikalia mpaka yakaisha yenyewe. Hakuna picha iliyonijia, hakuna neno nililokumbuka. Siku nyingine mwanangu mdogo alinishukuru kwa kumfungia vifungo, basi, nikaenda kujifungia chooni.

Dada yangu anasema nina moyo laini tangu utoto. Si kweli, utotoni nililia nikipigwa tu. Rafiki yangu anasema ni msongo wa mawazo. Mume wangu siku hizi haulizi kitu, anakuja kukaa karibu, na naona kabisa kwamba anaogopa.

Ninachotaka kujua ni hiki: mtu anatofautishaje kilio cha kupita na kile cha kupeleka kwa mtaalamu? Na nikifika huko nitasema nini, wakati sina sababu ya kutaja? Naona kama nitampotezea daktari muda wakati kwenye benchi wamekaa watu wenye shida za kweli.

Nyongeza, najua mtauliza: sina mimba, nimepima. Usingizi ninapata, ila saa kumi alfajiri macho yanafunguka na silali tena, nimeshazoea. Kula nakula kidogo. Kushona nashona kwa mazoea tu. Zamani nilikuwa nachora mitindo usiku watoto wakilala, sasa hata daftari lenyewe sijui liko wapi.

Baba_Pacha

Pole sana dada. Mimi nakushauri usiyazuie. Kulia ni dawa, kunatoa sumu mwilini, ukimaliza moyo unakuwa mwepesi. Omba Mungu, pumzika, itapita.

MuuguziZamu

Dada Fundi, pole. Mimi ni muuguzi, kwa muda mrefu nimefanya kazi kliniki ya afya ya akili. Nimesoma andiko lako mara mbili, na lililonishtua limo kwenye nyongeza. Gauni na vifungo umevieleza kwa kirefu, halafu kuamka alfajiri, kula kidogo na kupoteza hamu ya kuchora umevipitisha haraka kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ukikaa mbele yangu, ningeanza na hivyo.

Machozi peke yake hayana maana moja. Watu wanatofautiana sana, wapo wanaolia kila wiki na ni wazima kabisa. Tunachoangalia ni kilichobadilika kwa mtu mwenyewe na kilichofuatana na hayo machozi. Hali ya huzuni, au kutokuwa na hamu na mambo uliyoyapenda, ikikaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo usingizi, hamu ya kula, nguvu au umakini vimeharibika, hapo tunafikiria sonona. Siwezi kukuambia kwamba unayo, hakuna anayeweza kusema hivyo kwa kusoma maandishi. Ila hiyo miezi kadhaa imeshazipita hizo wiki mbili kwa mbali. Nenda.

Kuhusu sababu: dada yangu, hakuna anayekudai sababu mlangoni. Mtu mwenye homa haambiwi akamtafute kwanza mbu aliyemuuma. Sonona inaweza kumwingia mtu mwenye ndoa nzuri na watoto wazima, na wengi wanachelewa kutibiwa kwa wazo hilohilo ulilonalo, kwamba wenye shida za kweli ni wengine. Wale walioko kwenye benchi, wapo waliokuja na hilohilo.

Kaka Baba_Pacha, umesema kwa nia njema na sala siipingi. Ila hilo la sumu halina ushahidi wa maana. Mtafiti Mholanzi Ad Vingerhoets na wenzake waliangalia visa vya kulia vya watu wa nchi zaidi ya 30, wakaona kwamba nafuu inategemea sana mazingira: kama ulipata wa kukufariji, kama jambo lenyewe lilipata ufumbuzi. Anayelia peke yake chooni kwa aibu mara nyingi hatoki akiwa mwepesi. Na mwenye sonona anaweza kulia na kulia bila kuona nafuu yoyote. Kwa hiyo Fundi, jiulize: baada ya kulia unajisikiaje?

Swali la mwisho, na naliuliza waziwazi kwa sababu kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo: je, umewahi kuona kwamba ingekuwa heri usiwepo, au kufikiria kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, usisubiri miadi. Nenda leo kitengo cha dharura, usiende peke yako, na mumeo aondoe nyumbani dawa na kitu chochote cha hatari.

Nuru_ya_Asubuhi

Mimi nilikuwa kama wewe, natokwa na machozi nikisikiliza taarifa ya habari ya kawaida tu. Nilipoenda nilitarajia kuambiwa ni mawazo. Daktari akaniuliza kama nahisi baridi wakati wengine wanaona joto, kama nywele zinakatika, kama nimeongezeka uzito na choo kimekuwa kigumu. Yote ndiyo! Damu ikapimwa, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikaonekana inafanya kazi chini ya kiwango. Nilipewa vidonge vya homoni ya tezi hiyo, na taratibu nikarudi kuwa mimi.

Sisemi kwamba wewe ni thairoidi, unayoyaeleza hayafanani sana na yangu. Nasema omba wakupime damu pia. Upungufu wa damu na wa vitamini B12 navyo vinaweza kumchosha mtu na kumvuruga hisia. Na beba majina ya dawa zote unazotumia, hata vidonge vya uzazi wa mpango, maana baadhi ya dawa zinagusa hisia. Usiache dawa yoyote kabla ya kuongea na daktari.

Jambo jingine, andika. Mimi niliandika kwenye simu kila nilipolia: saa, nilichokuwa nafanya, nimelalaje, hedhi iko wapi. Wako wanaolia siku chache kabla ya hedhi tu kisha wanakuwa sawa, na hiyo ina matibabu yake. Bila kuandika hutaiona.

Kaka_Mkubwa77

Niongeze kwa watakaosoma baadaye. Baba yangu baada ya kiharusi alikuwa analia ghafla katikati ya mazungumzo ya kawaida, na dakika mbili baadaye anatuambia hana huzuni yoyote. Mara nyingine anacheka palipo na msiba. Tukidhani amekata tamaa, kumbe ni ubongo: sehemu inayodhibiti kulia na kucheka imeathirika. Hutokea pia kwa walioumia kichwa na wenye magonjwa mengine ya neva. Dawa zipo, baba yangu alipewa na zimemsaidia. Kama kilio hakiendani kabisa na unachohisi moyoni, mwambie daktari hivyohivyo kwa maneno yako.

FundiSindano

Asanteni sana. Muuguzi, hapana, sijawahi kufikiria kujidhuru. Ila umeniuliza baada ya kulia najisikiaje, na jibu ni kwamba sijisikii chochote. Nakuwa mtupu, naendelea kushona. Nilimsomea mume wangu jibu lako lote, akaniambia "hiyo alfajiri mimi huwa naisikia, najifanya nimelala kwa sababu sijui nikuambie nini." Hilo lilinitosha kutoka nyumbani.

Nimeenda naye. Niliogopa kuanza, kwa hiyo nikampa daktari simu asome nilichoandika hapa. Akasoma kimya, hakucheka. Amenipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku." Kwenye swali la hamu ya kufanya mambo niliweka karibu kila siku, na kalamu ilinitetemeka. Damu nimetoa, ya tezi na ya upungufu wa damu, majibu bado. Ameniandikia kumwona mshauri nasaha wiki ijayo, na amesema habari ya dawa tutaiongea majibu yakitoka.

Nina swali moja limebaki. Kwa mshauri huwa kunakuwaje? Nitalazimishwa kusimulia utoto wangu? Na nikilia mbele yake muda wote bila kusema kitu?

MuuguziZamu

Hongera kwa kwenda, na mpe hongera mumeo. Maswali hayo tisa yanajumlishwa kuanzia 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea humfanya daktari achimbe zaidi, lakini karatasi haitoi hukumu peke yake.

Kwa mshauri, kikao huwa karibu saa moja. Cha kwanza mara nyingi ni yeye kukufahamu: unalalaje, unaishi na nani, nini kimebadilika, unataka nini kiwe tofauti. Utoto utauzungumza ukitaka, na una haki ya kusema "hilo bado." Ukilia atasubiri, amezoea. Muulize mapema kuhusu usiri: yanayosemwa hubaki kati yenu, isipokuwa akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Ukiona baada ya vikao vichache hamuelewani, omba mwingine, hatakasirika. Na mkianza dawa, jua zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiziache ghafla kwa kuona hakuna kitu.

Majibu ya damu yakitoka njoo utuambie.