Tupeane uzoefu: mnahamishaje mafaili kutoka kwenye kompyuta mpakato za zamani?

Disketi_Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa, na miongoni mwa vitu alivyotuachia imo Toshiba T1000, kompyuta mpakato ya mwaka 1987 isiyo na diski kuu, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 512 na tundu moja la disketi za kilobaiti 720. MS-DOS 2.11, mfumo endeshi wake, imo ndani ya chipu zake, kwa hiyo inawaka hata bila disketi. Kuwaka huko ndiko kulikonitia tamaa ya kuzitoa barua na kumbukumbu za vikao alizoziandika kwa WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo.

Kisomeo cha disketi cha USB kilisoma disketi tatu kati ya kumi na moja. T1000 yenyewe ilisoma nane, labda kwa kuwa ndiyo iliyoziandika. Tatu za mwisho zimeota ukungu, nimeziweka kando. Ikabidi basi nitafute kebo ya siriali, ya kuziunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, na muuzaji akaniapia kuwa aliyonipa ndiyo yenyewe. Siku mbili nilituma, upande wa pili kimya. Nilipoipima kwa mita nikakuta pini ya 2 imeungwa na 2, na ya 3 na 3, yaani kila mashine ilikuwa inapiga kelele mahali ambapo mwenzake naye anapiga kelele, wala hakuna aliyekuwa anasikiliza. Nikaikata, nikapishanisha 2 na 3, nikaiacha 5 iende kwa 5. Hata hapo MS-DOS iligoma kutuma hadi nilipounga pini ya 7 na 8, kisha ya 4 na 6, upande wa T1000, kwa sababu haitoi hata herufi moja kabla ya kuonyeshwa ishara kuwa mwenzake yuko tayari. Baada ya hapo amri mbili zilitosha: MODE COM1:9600,N,8,1 ya kupanga kasi, kisha COPY /B ya kulisukuma faili kwenda COM1, yaani tundu la siriali.

Faili la kwanza lilipofika nilidhani limeharibika. Lilisomeka hivi: «kahawá yá darajá lá kwanzá». Mahali pa «vikao» palikuwa na «vikaï», na «bei» ilikuwa «beé». Matoleo ya zamani ya WordStar yalikuwa yanaitia alama herufi ya mwisho ya neno kwa kuiongezea 128 kwenye namba yake, ili kupanga nafasi za mstari, na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, ukurasa mzima wa baba ulionekana kama umeandikwa na Mreno. Nilitunga programu ya mistari mitano inayopunguza 128 kwenye kila herufi iliyozidi 127, na barua zikarudi kuwa barua. Nanyi mlifanyaje?

Mpwani_wa_Muscat

Mkuu, pole kwa msiba na hongera kwa kazi. Mimi ninatumia HP 200LX, kompyuta ya mwaka 1994 inayoingia mfuko wa kanzu na kutumia betri mbili ndogo za AA, na hesabu za duka langu bado ninazifanyia humo kwa Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu iliyokuja nayo. Kwangu kebo nimeachana nayo kabisa. Pembeni ina tundu la PCMCIA, la kadi za kuongezea vifaa, nami huchomeka humo adapta yenye kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash, nikitaka kuhamisha ninaichomoa na kuitia kwenye kisomeo cha USB. Kadi iwe imepangwa kwa FAT16, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, kwani mashine hii haiijui FAT32, na majina ya mafaili yasizidi herufi nane, la sivyo «hesabu za Ramadhani» utaikuta imegeuka HESABU~1.

Somo nililolipata kwa machungu ni la betri. Diski C ya mashine hii ni kumbukumbu tu inayoishi kwa umeme, na ndani mna betri ya sarafu, CR2032, inayoishikilia wakati unapobadilisha zile kubwa. Yangu ilikuwa imekwisha zamani bila mimi kuangalia. Nilichomoa AA zote mbili kwa pamoja, nikaenda kufungua mlango, niliporudi mashine iliniuliza tarehe kama mtoto aliyezaliwa leo. Madeni ya wateja ya miezi minne yalipotea, na sitasema ni wateja wangapi waliyakumbuka. Sasa kila jioni ninanakili kila kitu kwenye kadi, na kamwe sibadilishi betri ya sarafu na zile za AA kwa wakati mmoja.

Bisibisi

Nyongeza fupi. Nina mpakato wa miaka ya 1990 wenye kadi ya mtandao ya PCMCIA, na nimeuwekea mTCP ya Michael Brutman, mkusanyo wa programu za mtandao, ambayo ina programu ya FTP (ya kuhamisha mafaili kupitia mtandao) inayoendeshwa kwenye DOS. Inakwenda haraka kuliko kebo yoyote ya siriali. Msisahau kuandika «binary», yaani faili lipite bila kubadilishwa chochote, kabla ya kuhamisha programu. Mimi nilisahau, kila mwisho wa mstari ukaongezewa herufi, programu haikufunguka, nami nikailaumu kadi kwa wiki nzima. Iacheni FTP ndani ya mtandao wa nyumbani tu, maana inapitisha nywila wazi.

Kinanda_cha_Baridi

Nipo Minnesota, ambako nilinunua TRS-80 Model 100, kompyuta mpakato ya mwaka 1983, kwenye mnada wa vitu vya nyumbani. Skrini yake ni mistari minane ya herufi arobaini, lakini kibodi yake ni tamu kuliko ya mpakato wangu wa kazini, nayo hukesha na AA nne kwa takriban saa ishirini. Nilipoifungua nilikuta betri ya ndani ya nikeli na kadimiamu imevuja na kuacha ukungu wa kijani kwenye ubao. Niliusugua kwa siki kidogo kwenye pamba, nikaosha kwa spiriti, nikaacha ikauke siku nzima kabla ya kuweka betri mpya. Wenye mashine kama hizi wafungue waangalie leo, hata kama inawaka vizuri.

Kuhamisha ninatumia TELCOM, programu ya mawasiliano iliyomo ndani, na adapta ya USB ya siriali. Kwa kasi ya 9600 ilikuwa inakula herufi wakati wa kupokea, kwa kuwa skrini inachelewa kusogeza mistari. Niliiteremsha hadi 1200, ambayo kwenye TELCOM huandikwa 58N1E, na ikatulia. Ndugu Disketi_Kumi, zile disketi tatu: sogeza kile kibati, ufute sahani polepole kwa pamba yenye spiriti huku ukiizungusha kwa kidole, pande zote mbili.

Disketi_Kumi

Nimejaribu usiku huu kwa moja. Imesoma yote isipokuwa faili moja, nikasafisha na vichwa vya kisomeo kabla sijaigusa ya pili. Ndani mna barua ya mwaka 1989 ambayo baba alimwandikia mama akiwa safarini, nayo nimeipeleka kwake bila kuisoma.