Yule "mwanahistoria" wa Miyomboni kanidhalilisha mbele ya wanafunzi!!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Wa Iringa mnamjua, sitaji jina. Yule wa koti la kaki, jua mvua, anayezungusha wageni mjini utadhani ndiye aliyemzaa Chifu Mkwawa wa Wahehe.

Leo napita Kitanzini, namkuta na wanafunzi wa sekondari, madaftari wazi. Anawaambia eti panaitwa Kitanzini kwa sababu palikuwa na fundi vitanda. VITANDA! Na watoto wanaandika! Mmoja kapigia mstari kwa wino mwekundu.

Nikasogea kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, si ndipo Mjerumani alipokuwa ananyonga watu? Alichapwa na Wahehe pale Lugalo 1891, kamanda wao Zelewski akafia kulekule, 1894 akarudi na mizinga akaibomoa Kalenga, ngome ya Mkwawa, na vitanzi vikafuata."

Marahaba hakutoa. Alinishika kichwa. Mimi, baba wa watoto! Akanipapasa kama mbuzi wa mnadani, akawageukia wanafunzi: "Huyu ulanzi wa jana haujamtoka." Mpaka mama muuza ndizi akacheka, na ananidai.

Akaendelea, eti Samora wa ule uwanja wetu alikuwa beki. Rais wa kwanza wa Msumbiji, beki! Nikanyamaza. Mtu keshakushika kichwa, utamwambia nini tena? KICHWA, wakuu.

Mzee wa Togwa: Tuanzie hapo kwenye ulanzi. Ulikunywa au hukunywa?

Mleta uzi: Mimi nimeokoka!

Mnyalukolo Og: Hujajibu swali.

Binti Gangilonga: 😂😂 Huyo mzee mimi aliniambia lile jiwe la Gangilonga zamani lilikuwa linaongea Kijerumani. Nikampa elfu tano.

Mnyalukolo Og: Elfu tano?! Sisi tulimpa soda tu akatuonyesha mpaka "choo cha gavana".

Green City: Nyie wenzetu jina mnalo, mnagombania fundi. Huku Mbeya kwenye zile anwani za makazi za 2022, mtaa wetu ulipigwa kibao cha jina ambalo hata mjumbe halijui. Bodaboda akinipigia namwelekeza "nyuma ya mashine ya kusaga".

Sido Boy: Ipi, ile ya bluu? Pale peleka mahindi ukiwa na mizani yako. Unga unarudi nusu.

Green City: Hiyohiyo! Na pumba wanabaki nazo.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Kanishika kichwa.

Mama Viazi Njombe: Afadhali wewe kichwa. Mimi jana dalali kanishindilia lumbesa mbele ya macho yangu, gunia limevaa kilemba mpaka halisimami, halafu ananilipa kama gunia moja.

Sido Boy: Dada, kilemba cha debe ngapi?

Mama Viazi Njombe: Mawili! Na hela ya kamba kanikata mimi.

Mzee wa Togwa: Dalali gani huyo, mwenye Fuso nyeupe? Subiri nifungue uzi wake.