Habari za shule ziwafikieje wazazi wasiokuja mkutanoni?

Mjumbe wa Kamati, Muheza

Salaam ndugu zangu. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la pili na mwingine la tano, katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, na tangu mwanzo wa mwaka huu wazazi wenzangu wamenichagua kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Shule yetu ina wanafunzi 742. Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita niliwahesabu waliohudhuria mimi mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, nikapata 61, na kati yao wanaume walikuwa tisa, tukiwamo sisi wajumbe watatu. Ajenda zilikuwa uji wa wanafunzi wa madarasa ya chini, utoro unaoongezeka kila msimu wa machungwa, na matundu ya vyoo vya wasichana. Tulikubaliana kwa kauli moja, tukafunga kikao kwa dua, na kabla ya wiki kwisha nikaanza kusimamishwa njiani na kuulizwa, "Hayo mliyaamua lini, na nani aliwatuma?"

Siulizi namna ya kuwalazimisha watu waje. Yupo aliyependekeza kwamba asiyehudhuria atozwe faini, nami nilipinga, kwa kuwa mzazi aliyeletwa na faini atakaa nyuma akitazama saa. Ninachouliza ni namna habari za shule zinavyoweza kumfikia mzazi mahali alipo, zikiwa kamili na kwa wakati, mpaka aone kwamba shule inamhusu. Kwa sasa tunaandika barua na kuwapa watoto, na nyingi huishia ndani ya begi pamoja na maganda ya machungwa. Kundi letu la WhatsApp lina watu 138, lakini matangazo ya shule humezwa na salamu za asubuhi, mikopo na picha za harusi. Ubao wa matangazo upo, ila umetundikwa kwenye korido ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mzazi hufika akiwa ameitwa kwa kosa la mtoto.

Nitoe mfano mmoja. Mtoto wangu wa darasa la tano ni wa kundi lililoanza mtaala mpya, wenye elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba, Januari 2024 likiwa darasa la tatu, kwa hiyo mwaka 2027 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, sambamba na kaka na dada zao watakaokuwa darasa la saba. Jambo kubwa namna hiyo wazazi wengi wa kwetu walilisikia gulioni, likiwa limeongezwa chumvi, na wapo walioamini kwamba watoto watarushwa darasa kwa sababu serikali haina walimu. Wenzangu mliofanikiwa mlifanyaje?

Mwalimu Mkuu Mstaafu, Singida

Ndugu mjumbe, nimefundisha tangu mwaka 1983 na nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 17 katika shule tatu, kwa hiyo nikubalie niseme kwa urefu kidogo.

Kwa miaka mingi sisi walimu tumewazoesha wazazi sauti tatu tu kutoka shuleni: sauti ya mchango, sauti ya kesi na sauti ya matokeo. Barua zetu zenyewe huanza kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kana kwamba mzazi ni afisa wa halmashauri, na mzazi mwenye busara akiiona bahasha hujua kwamba anadaiwa au anakwenda kuaibishwa. Huyo asipokuja msimwite mzembe. Anajilinda.

Wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, kamati za shule zilikabidhiwa fedha za ujenzi wa madarasa na tukatakiwa kubandika hadharani kiasi kilichoingia na kilichotumika. Nakiri kwamba mwanzoni nilibandika kwa shingo upande. Niliandika kwa kalamu ndogo, nikaweka ndani ya ofisi, nikahesabu kuwa nimetimiza agizo. Mjumbe mmoja wa kamati, mama muuza pombe ya kienyeji ambaye hakuwa amevuka darasa la nne, aliing'oa karatasi yangu mbele yangu, akaipeleka kwenye mti ulioko njia panda, mahali watu wanapopumzika wakitoka kisimani. Siku tatu baadaye walikuja wanaume wawili kuuliza kwa nini mifuko ya saruji ilikuwa mingi kuliko ukubwa wa msingi. Nilikasirika sana. Lakini walikuwa mafundi, na walikuwa sahihi, na mmoja wao ndiye aliyesimamia darasa lililofuata bila kudai hata senti.

Kwa hiyo hamisheni ubao. Utoeni kwenye korido, upelekeni getini au barabarani, na jambo la kwanza kuandikwa liwe fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 huelekezwa shuleni. Kwa wanafunzi wenu 742, hiyo ni shilingi 4,452,000 kwa mwaka, yaani 371,000 hivi kwa mwezi. Andikeni kiasi kilichoingia mwezi huu na kilichonunuliwa, hata kama ni boksi tano za chaki na kitasa kimoja. Mzazi akishaona kwamba 371,000 ndiyo inayolipia karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na mambo ya ofisi, hatauliza tena "pesa za serikali mnapeleka wapi" kila mnapomweleza habari ya uji.

La pili, punguzeni mkutano mkubwa. Mkutano wa shule nzima unafaa kwa kuchagua kamati na kupokea taarifa ya mwaka, lakini kwa kumjua mtoto haufai hata kidogo. Mimi niliwaita wazazi wa darasa moja moja, watu 40 au 50, wakaketi chini ya mwembe na mwalimu wa darasa, na kila mmoja akapewa madaftari ya mtoto wake ayafunue mwenyewe. Hapo hakuna hotuba. Baba asiyejua kusoma anaona alama nyekundu ni nyingi na kurasa tupu ni ngapi, na ataanza kuuliza maswali ambayo hujawahi kuyasikia mkutanoni.

Na kama mnataka wapiga mbiu, mnao 742. Baada ya kila kikao mwalimu wa zamu alitangaza maazimio mstarini kwa sentensi tatu fupi, watoto wakazirudia kwa pamoja, wakaenda kuzisema nyumbani, na kesho yake tukauliza nani alimwambia nani na alijibiwa nini. Majibu yenyewe yalitufundisha mengi, mengine hayaandikiki hapa.

Mama wa Darasa la Tatu, Muscat

Mwalimu, shikamoo. Kaka mjumbe, habari za Muheza.

Ninafanya kazi za ndani hapa Oman mwaka wa nne sasa, na binti yangu anasoma darasa la tatu mkoani Tanga akilelewa na mama yangu mzazi. Watu wa aina yangu hatumo katika hesabu zenu za mahudhurio, ingawa tuko wengi kuliko mnavyodhani. Kwenye daftari la shule limeandikwa jina la bibi na namba ya simu ya bibi, ambayo ni ya kitochi na mara nyingi haina chaji. Mimi ndiye ninayenunua sare na madaftari na kutuma hela ya chakula, lakini kwa shule yake sipo. Niliomba kuingizwa kwenye kundi la wazazi la darasa, nikajibiwa kwamba kundi ni la walezi waliosajiliwa. Ilinichukua miezi mitano na barua ya mama yangu yenye dole gumba.

Naomba mkiandikisha mtoto muulize majina mawili: anayeishi naye na anayemsomesha. Kwa wengine ni mtu mmoja, kwa wengine si mmoja. Halafu mwalimu wa darasa awe anarekodi sauti ya dakika mbili kila Ijumaa badala ya kuandika tangazo refu. Sauti naisikiliza nikiwa jikoni, na mama yangu anaisikiliza kupitia simu ya jirani bila kumtafuta mtu wa kumsomea. Mwalimu wa binti yangu alianza hivyo baada ya mimi kumsihi. Wiki iliyopita alisema watoto wameanza kuzidisha kwa tarakimu mbili, na jioni nilipopiga simu nikamwomba mwanangu anizidishie 12 kwa 14. Alishangaa nimejuaje.

Jambo moja naomba liachwe kabisa. Matokeo ya mtihani yasisomwe kwa majina mbele ya watu wala yasibandikwe kwenye kundi. Mama yangu alihudhuria mkutano mmoja, akasikia mjukuu wake akitajwa wa 58 kati ya 63 huku watu wakicheka, na hajarudi tena.

Mzazi wa Lunga Lunga, Kwale

Ndugu wa Muheza, sisi ni majirani, mpaka tu ndio umetutenganisha, na tatizo lenu nalijua kwa jina lake.

Huku Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatambua chama cha wazazi katika kila shule ya umma, na kamati yake huwa na mwakilishi wa wazazi wa kila darasa pamoja na walimu wawili, kisha mwenyekiti na wenzake wawili huingia katika bodi ya usimamizi. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Shuleni kwetu wawakilishi hao walikuwa wakionekana siku ya uchaguzi na siku ya picha. Mambo yalibadilika pale tulipokubaliana kwamba mwakilishi wa gredi hana kazi nyingine ila moja: kuwa na orodha ya wazazi wake wote, na kila habari inapotoka ahakikishe imemfikia kila mmoja, kwa simu, kwa miguu, au kwa kumkuta msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Akishamaliza anampa mwalimu orodha yenye alama. Mimi nina wazazi 47, na 11 kati yao hawana simu kabisa.

Mtaala wa umilisi (CBC), unaosisitiza mtoto aweze kutenda, nao ulitusukuma, kwa sababu ulipoanza mwaka 2019 watoto walirudi nyumbani na kazi za kutafuta vifaa na kutengeneza vitu, nasi wazazi tukalalamika sana kuhusu gharama na muda. Malalamiko hayo ndiyo yaliyojaza vikao kuliko barua yoyote. Tulikaa na walimu tukakubaliana kwamba kazi za nyumbani zitumie makuti, vifuu na udongo, vitu visivyonunuliwa, na baadhi ya wazee wakaitwa darasani kuonyesha ususi wa mikeka. Baba aliyeitwa kufundisha hahitaji barua ya kumkumbusha mkutano.

Baba wa Watatu, Mbagala

Mwalimu mstaafu anasema vizuri, lakini awakumbuke wa mjini. Darasa la mwanangu lina watoto zaidi ya 100, na mwalimu huyo huyo ana mikondo miwili. Vikao vya darasa chini ya mwembe atavifanya saa ngapi? Na tuseme ukweli kuhusu michango. Mpango wa elimu bila malipo ulianza Januari 2016, na mwaka 2018 hayati Rais Magufuli alikataza michango ya lazima na kuwataka walimu wasizishike fedha hizo, lakini hadi leo kuna "mchango wa hiari" ambao mtoto asipoutoa anajua amejulikana. Habari zikitoka shuleni kwetu, kila mtu anatafuta kwanza mstari wenye kiasi. Kabla ya ubao na sauti za Ijumaa, kamati iweke wazi kwamba mzazi asiye na hela anakaribishwa sawasawa na mwingine, na mtoto wake hataguswa.

Ninaunga mkono la dada wa Muscat kuhusu matokeo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sioni ni kwa idhini ya nani alama na picha za watoto zinatupwa kwenye kundi la watu 138 ambao nusu yao hawajulikani wametokea wapi.

Mwalimu Mkuu Mstaafu, Singida

Baba wa Mbagala, hoja yako ni ya haki. Kwa darasa la 100, gaweni kwa mtaa: wazazi wa mtaa mmoja Jumamosi moja, watu 25, na madaftari yapelekwe huko huko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu mmoja wa kujitolea na mjumbe mmoja wa kamati wanatosha. Kuhusu michango sina cha kukupinga.

Mjumbe wa Kamati, Muheza

Nawashukuru nyote. Mwalimu, shikamoo. Nimekaa na mwalimu mkuu wetu jana jioni nikamsomea majibu haya, na la fedha alilipokea kwa kusitasita, kisha akasema tuanze na mwezi huu, ya nyuma yasubiri. Nimekubali.

Tutaanza na darasa la pili peke yake, kwa sababu ndilo lenye upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu wake ameridhia kurekodi sauti za Ijumaa ilimradi kamati imnunulie bando. Majina mawili kwa kila mtoto tumeanza kuyakusanya leo asubuhi. Kati ya watoto 96, hadi saa nne tulikuwa tumepata 31 wanaosomeshwa na mtu ambaye hawaishi naye, na wawili kati yao walitaja Oman. Alama hazitawekwa tena kwenye kundi. Kila mzazi ataziona ndani ya daftari la mwanawe. Kikao tumekiweka Jumapili alasiri badala ya Jumanne, kwani Jumanne ni gulio.

Swali moja limebaki kwa mwenzetu wa Lunga Lunga. Hao wazazi 11 wasio na simu unawafikia kwa nauli ya nani? Hapa nina kitongoji kimoja ambacho kwenda na kurudi kwa bodaboda ni shilingi 6,000, sawa na fungu la mwaka mzima la mwanafunzi mmoja.

Mzazi wa Lunga Lunga, Kwale

Siendi mimi. Katika kila kijiji cha mbali nimemchagua mzazi mmoja anayekuja mjini kuuza nazi, ananipitia Alhamisi, ninampa habari kwa mdomo na orodha yake ya majina. Ukiwa na wauza machungwa, ndugu yangu, unao watu wa kutosha.